Naomba Kuongea na Mwenyekiti

Jumapili ile tulikuwa tumetoka misa ya kwanza, na ndizi ndiyo kwanza zimefunuliwa. Nyumbani kwetu Buganguzi chakula hakipakuliwi mpaka kila mtu ameketi, kwa hiyo mama alikuwa ameshika mwiko, mimi nimeshika sahani, simu ikaita dirishani. Ilikuwa simu ya baba. Mama akaweka mwiko chini, akajifuta mikono kwenye kanga, akapokea.

"Habari za Jumapili," sauti ya mwanamume ikasema, kubwa kiasi cha kusikika mpaka nilipokaa. "Naomba kuongea na mwenyekiti."

Baba alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa kahawa chenye ofisi yake Nshamba. Alifariki mwaka jana, tukamzika nyuma ya nyumba, ndani ya kibanja chake, katikati ya migomba na mibuni. Kikundi kikachagua mwenyekiti mwingine. Wazee wa ukoo nao walikaa, wakasema mama aendelee kukitunza kibanja mpaka mdogo wangu wa kiume, ambaye bado yuko masomoni, atakapooa na kurudi. Mambo yote yakawa yamepangwa, na kijiji kizima kinajua. Aliyekuwa hajui ni huyo wa kwenye simu.

Mama akavuta kigoda, akakaa. Nikajua hapo hatuli tena.

Kwetu mtu akikupa pole ya msiba humjibu kwa neno moja. Unamweleza. Ugonjwa ulianzaje, nani alikuwepo, mgonjwa alipelekwa wapi, alikula nini mara ya mwisho, alisema nini. Aliyekuja kuhani anakaa na kusikiliza mpaka mwisho, ndipo naye anasema la kwake. Ukimwambia tu "amefariki" halafu ukanyamaza, umemfungia mlango usoni. Ni desturi nzuri, siidharau, lakini walioiweka walikuwa na msiba wenye mwanzo na mwisho. Hawakuwa na simu inayoita mwaka mzima.

Basi mama akaanza toka mwanzo. Mgongo uliomshika baba msimu wa kuchuma, dawa za zahanati, asubuhi walipompandisha gari kwenda Bukoba, uji alioukataa. Yule bwana kumbe ana hoteli Mwanza na alitaka kahawa ya wageni wake, na sijui kama aliwahi kufikiri kwamba kuulizia kahawa kungemfikisha wodini. Lakini alisikiliza yote. Nilimsikia akisema pole mama, pole sana mama. Mwishoni mama akampa namba ya mwenyekiti mpya, akamtakia kazi njema, akakata. Macho yalikuwa yamemwiva na ndizi zilikuwa za baridi.

"Mama, ungesema tu amefariki, ukampa namba ya Mwalimu, ukakata," nikamwambia. Mwenyekiti mpya ni mwalimu mstaafu, na hakuna anayemwita jina lingine.

"Nimkatie mtu anayenipa pole? Mimi nililelewa wapi?"

"Wanapiga mara nyingi?"

"Wanapiga, waitu, mwanangu." Akarudi kwenye mwiko. "Juzi kapiga mama mmoja wa visiwani, anauza dagaa. Huyo alilia kunizidi mimi. Ikabidi nianze kumbembeleza yeye."

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sikatai, na hasira ikishanipanda haitulii mpaka ipate kazi ya kufanya. Siku hiyo ilipata. Nilimtazama mama yangu akitupakulia chakula kilichopoa, mabega yameshuka kama ya mtu aliyetoka kulima, nikasema moyoni kwamba simu hizo zitakoma, na nitakayezikomesha ni mimi.

Kwa sababu tovuti ya kikundi naitunza mimi. Ndiyo kazi inayoniweka mjini. Nimepanga chumba Kashai, kati ya fundi anayechomelea mageti na mama anayekaanga chipsi, na humo ndani natengeneza na kutunza tovuti za shule, maduka na nyumba za wageni. Baada ya msiba niliingia kwenye tovuti ya kikundi, ukurasa kwa ukurasa, nikaondoa jina la baba na namba yake, nikaweka vya Mwalimu. Nilifanya hivyo huku nalia, lakini nilifanya. Kwa hiyo niliweza kuapa kwamba namba ile haimo.

Nikatoa simu yangu palepale mezani, nikatafuta jina la kikundi. Tovuti yetu ikatokea ya kwanza. Chini ya jina, pale panapokaa mistari miwili mifupi ya maelezo, pakasomeka hivi: "Karibu kwetu. Ukitaka kahawa, usiulize mtu mwingine, piga simu kwa mwenyekiti mwenyewe." Na namba ikafuata.

Niliisikia sauti ya baba kabisa. Nikaizima simu, nikala ndizi zangu bila kuzionja.

Maneno hayo namjua aliyeyaandika na namjua aliyeyatamka. Tovuti ilipojengwa mara ya kwanza, mimi nikiwa bado chuoni, fundi alikuwa kijana mmoja ambaye baadaye alihamia Dodoma. Aliweka plagini, yaani kiprogramu cha kuchomeka, cha kuisaidia tovuti ionekane watu wanapotafuta mtandaoni. Plagini ile inakupa kisanduku kwa kila ukurasa: andika hapa maneno yatakayosomwa na anayetafuta. Kijana akamuuliza baba, tuandike nini? Ndipo lilipofanyika kosa ambalo nadhani mtu wa mahali pengine asingelifanya. Baba yangu hakuamini kwamba mgeni anaweza kupokelewa na mtu mwingine zaidi ya mwenye nyumba. Mtu akifika kwetu, hata awe amekuja kuuliza njia, baba alitoka mwenyewe, akamkaribisha, akamletea akamwani, zile punje za kahawa za kutafuna, akiwa amezishika kwa mikono miwili. Karani kumpokea mgeni kwa niaba yake aliona ni ukosefu wa adabu. Akamwambia kijana aweke namba yake. Wapi? Kila mahali. Ukurasa wa mbele, ukurasa wa bei, habari za mkutano mkuu, picha ya mashine ya kukoboa, picha ya wanakikundi wamesimama mbele ya stoo. Anayeingia kwa mlango wowote amkute yeye. Kijana wa watu akatii.

Nilirudi Kashai jioni ile, na kesho yake asubuhi, fundi wa mageti akiwa ameshaanza kelele zake, nikafungua tovuti kwa ndani. Plagini ya zamani haikuwepo. Kijana aliiondoa kabla hajahama, akaweka nyingine mpya. Nikafungua hiyo mpya, nikayakuta maneno ya baba kwenye kisanduku cha ukurasa wa mbele. Kumbe ilipowekwa iliyachukua yote ya ile ya kwanza. Nikayafuta, nikaacha kisanduku kitupu, nikahifadhi, nikajipikia chai. Nilijiona fundi.

Siku chache baadaye plagini ikajisasisha yenyewe, na maneno yakarudi.

Hapo ndipo nilipoacha kuhangaika na visanduku nikaenda kwenye hifadhidata, yaani kule chini ambako tovuti inaweka kila kitu chake kwenye majedwali. Watu wengi wanadhani ukiondoa plagini umeiondoa. Umeondoa mpangaji tu. Magodoro yake, sufuria zake na kalenda yake ukutani vimebaki chumbani, na anayehamia baada yake anavikuta na kuvitumia. Nilitafuta namba ya baba kwenye majedwali yote, ikaanza kuporomoka kwenye kioo, safu baada ya safu. Kwenye kurasa, kwenye habari, kwenye makundi ya habari, kwenye maelezo ya picha. Kwenye rasimu ambazo hazikuwahi kuchapishwa. Kila mara plagini ile mpya ilipojisasisha na kukuta nafasi tupu, ilikwenda kuchota humo.

Nilichukua bekapu kwanza, yaani nakala ya akiba ya tovuti nzima. Hilo silifanyi kwa uoga, nalifanya kama mtu anayefunga mlango akitoka. Kisha nikaanza. Safu zenye alama ya plagini ya zamani nikazifuta kwenye jedwali la kurasa. Nikahamia la makundi. Nikaja kwenye jedwali la mipangilio, na hapo nikateleza. Mipangilio ya plagini hukaa kwenye mstari mmoja mrefu ajabu, na mbele ya kila fungu la maneno pameandikwa idadi ya herufi zake. Ukibadilisha maneno, idadi isipolingana, mstari mzima haukubali kusomwa. Nalijua jambo hilo tangu siku zangu za kwanza kwenye kazi hii. Lakini niliiona namba ile imechomekwa katikati, na maneno "mwenyekiti mwenyewe" pembeni yake, nikaing'oa kwa hasira na maneno yake.

Tovuti ikawa nyeupe. Haina neno, haina picha.

Simu yangu ikaita. Alikuwa Mwalimu.

"Binti yangu, mbona kikundi hakipo?"

"Kipo, Mwalimu. Kinarudi sasa hivi."

Nikarudisha bekapu. Kikundi kikarudi, na baba naye akarudi kila mahali alipokuwa. Nikakaa nikimtazama. Halafu nikafunga kompyuta, nikatafuta usafiri wa Nshamba, maana nilikwisha kuona kwamba kazi hii haitakwisha kwa kunyatia. Lazima niifanye kwa ruhusa.

Mwalimu alikuwa ofisini, kahawa imetandazwa uani inaanikwa, na mwanamke mmoja anaigeuza kwa reki. Alinipokea vizuri, akaniletea akamwani kwenye kikapu kidogo. Nikamweleza yote: mabaki ya plagini, namba, simu za mama. Alisikiliza akitafuna, kichwa kimeinama, kama alivyokuwa akitusikiliza darasani.

"Ukifuta," akauliza, "tutabaki wa kwanza kwenye kutafutwa?"

"Sijui. Huenda tukashuka kidogo, halafu tukapanda."

"Basi acha."

Nilidhani sikusikia. Nikamwomba arudie.

"Acha, binti yangu. Mambo yanakwenda. Wateja wanampigia mama yako, mama yako anawaleta kwangu. Na nikueleze ukweli, wale wanaopitia kwake hawapotei. Akishamaliza kuongea nao, mtu anaona aibu kwenda kununua kwingine. Yule wa hoteli ya Mwanza ameshaagiza."

Akatabasamu. Ninavyoamini, hakuwa na nia mbaya hata kidogo, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

"Kwa hiyo mama yangu ni mfanyakazi wa kikundi?"

"Sijasema hivyo."

"Mwalimu, kila mkiuza gunia, mama yangu anamzika mume wake upya. Anakaa kwenye kigoda anaanza na mgongo, anamaliza na kaburi, halafu mnapakia kahawa. Wewe ulikuwepo kwenye maziko. Ungependa kuyarudia kila wiki?"

Sauti yangu ilikuwa imepanda. Mwanamke wa uani aliacha reki. Kwetu binti hamsemeshi mzee hivyo, tena mzee aliyemfundisha kuandika jina lake, na nilijua habari zitafika Buganguzi kabla yangu. Sikujali. Mwalimu alitafuna punje yake taratibu, akalitema ganda kiganjani, akaliangalia.

"Sikulifikiria hivyo," akasema. "Futa. Tukishuka, tutashuka."

Nikafuta. Safari hii sikung'oa kwa hasira. Kabla ya yote niliandika maelezo mapya ya kila ukurasa, ukurasa kwa ukurasa, ili plagini mpya isikute nafasi tupu ya kujaza. Kisha nikashuka kwenye majedwali. Kilichohitaji kufutwa nilikifuta, na kile cha mstari mrefu nilikifungua kwa njia yake, nikabadilisha, nikakifunga kikalingana. Umeme ulikatika, nikasubiri ukarudi. Mvua ya Bukoba ilipiga bati mpaka nikashindwa kusikia hata mageti, nikaendelea. Picha ya wanakikundi mbele ya stoo niliiacha mwisho. Baba yuko katikati, kofia mkononi. Nilifuta maneno yaliyokuwa nyuma ya picha, nikaiacha picha.

Nikatafuta namba tena kwenye hifadhidata nzima. Hakuna kilichopatikana.

Kilichobaki kilikuwa kuusubiri mtambo wa kutafuta upite tena kwetu usome upya, na mtambo huo haupokei amri ya mtu. Unauomba, halafu unakaa. Kila asubuhi nilitafuta jina la kikundi kabla hata sijanawa uso. Asubuhi moja maneno yakawa mapya, namba ikawa ya Mwalimu, na hatukuwa tumeshuka hata hatua. Nilipiga kelele peke yangu chumbani, mama wa chipsi akauliza kupitia ukutani kama nimeshinda bahati nasibu.

Niliacha wiki chache zipite ndipo nikaenda nyumbani. Nilitaka nikaone matunda ya kazi yangu. Ndizi zikafunuliwa, zikapakuliwa, tukala zikiwa za moto, na hakuna kilichoita. Nilikuwa najisifu kimoyomoyo mpaka nikaona mama anatazama dirishani.

"Hii simu," akasema, "nadhani imeharibika. Uondoke nayo ukaionyeshe kwa fundi."

"Ina nini?"

"Haiiti."

Ndipo nikamweleza. Nilimweleza kwa fahari, mabaki na majedwali na Mwalimu, nikingojea aniambie kasinge, asante ya kwetu, kama anavyoniambia nikileta hata sukari. Hakusema kasinge. Aliweka sahani chini.

"Umemfuta."

"Nimefuta namba, mama. Ulikuwa unachoka. Kila ukimaliza macho yamekuiva."

"Nilikuwa nachoka. Nani alikwambia mtu akichoka basi hataki?" Hakupaza sauti. "Hapa Buganguzi nani anamuulizia baba yako? Wote walimzika. Wakipita hapo njiani wananisalimia mimi, wanaulizia mbuzi, wanaulizia mvua. Hata wewe humuulizii. Wale wa kwenye simu ndio peke yao waliokuwa bado wanamtafuta."

Niliona aibu, na nikasikia uchungu ambao nilikuwa nimeukimbia mwaka mzima kwa kujifanya nina kazi.

"Bekapu ninayo," nikasema mwishowe. "Naweza kumrudisha."

Mama akafikiri. Alifikiri kweli, akiwa ameshika ukingo wa kigoda.

"Hapana," akasema. "Usimrudishe. Mtu akizikwa aachwe apumzike." Kisha akaniuliza: "Lakini wageni wanaotaka kuiona kahawa ikiwa shambani, Mwalimu anawapeleka wapi?"

"Kwake, nadhani."

"Kwake kuna mibuni ya juzi! Mibuni ya zamani iko hapa. Nani anaipogoa?"

"Wewe."

"Nani anaitandikia nyasi?"

"Wewe, mama."

"Sasa si uandike."

Nikafungua kompyuta pembeni ya sahani. Nikampigia Mwalimu kwanza, na sijui aliogopa nini, alikubali kabla sijamaliza sentensi. Mama akaketi sawasawa akaanza kunisomea maneno kama aliyekuwa nayo tayari.

"Andika. Karibu kwetu. Ukitaka kuona kahawa inavyoota, usiulize mtu mwingine." Akajifunga kanga upya. "Piga simu kwa mama mwenye shamba."

Vidole vikanisimama. Kwetu mjane halisemi neno hilo, mwenye shamba, hivi hivi. Kibanja kina ukoo nyuma yake, wazee walikwishasema yao, na wapo ambao wangeguna wakilisikia, sembuse kulisoma kwenye simu za wajukuu wao.

"Niandike hivyo hivyo?"

"Andika hivyo hivyo."

"Na namba?"

"Kwani ninayo nyingine?"

Kwa hiyo namba niliyoiwinda kwenye kila safu ya hifadhidata ile niliiandika tena kwa vidole vyangu mwenyewe, mara moja tu, kwenye ukurasa wa wageni. Nikakagua ikalingana. Nikahifadhi.

Niliporudi nyumbani baadaye, mvua za vuli zilikuwa zimeanza na uani kuna matope. Tulikuwa ndiyo kwanza tumeketi. Simu ikaita dirishani, mama akaweka mwiko, akajifuta mikono, na mimi kwa mazoea nikasogeza kigoda.

"Habari za mchana," sauti ya mwanamke ikasema, sauti ya mbali, ya mtu asiyetujua. "Naomba kuongea na mama mwenye shamba."

Mama hakukitazama kigoda. Alibaki amesimama, mkono mmoja umeshika dirisha, uso ameuelekeza kwenye mibuni.

"Ndiye mimi," akasema.